Malindi hadi Gede, na mkoba wa dawa

Mwanangu wa kiume ana miaka 9, na tangu chekechea alikuwa hajawahi kwenda matembezi yoyote ya shule. Kila fomu ya matembezi ilipoletwa nyumbani ilifuatwa na simu ya mwalimu, akituomba kwa upole tumwache mtoto apumzike, kwa kuwa ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na hakuna ambaye angependa maumivu yamshike akiwa njiani. Sikuwalaumu sana, maana hata mimi baba yake nilikuwa naogopa. Kwa hiyo shirika dogo la hisani linalosaidia watoto wa kliniki yetu lilipotualika kwa matembezi ya siku moja, Desemba, shule zikiwa zimefungwa, kilichonishangaza kwanza ni fomu yao. Iliuliza mtoto ana ndugu wangapi, na kama baba naye atakuja.

Baba alikwenda. Tuliambiwa tuwe tayari saa moja asubuhi, lakini basi lilifika saa mbili na robo, na dereva hakuona haja ya kueleza lolote. Tukangoja chini ya mwarobaini, na Sista wa kliniki, ambaye hapotezi hata dakika, akautumia muda huo kuzungumza na sisi wanaume. Alieleza kwamba mtoto huupata ugonjwa huu akirithi jeni yake kwa baba na kwa mama pia, na kwamba wazazi wawili wenye kuibeba jeni hiyo, ingawa wenyewe ni wazima kabisa, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kumzaa mtoto mgonjwa. Mvuvi mmoja mtu mzima aliuliza, "Kwa hiyo si upande wa mama peke yake?" Sista akamjibu, "Pande zote mbili, baba." Yule bwana alinyamaza kitambo, kisha akavuka barabara, akarudi na mahamri na kikombe cha chai ya tangawizi, akampa mkewe bila kusema neno.

Tulianzia Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968, kusini kidogo ya mji. Siku hizo zilikuwa za bamvua, bahari ikijaa na kupwa kupita kawaida, maji yakipwa mnamo saa nne, na hapo ndipo matumbawe huonekana vizuri zaidi. Kwa kuchelewa kwetu, tulipanda mashua za vioo maji yakikaribia kuanza kurudi, na nahodha akatuhimiza tusikawie. Watoto walilala kifudifudi kuzunguka kioo cha sakafuni wakawatazama samaki aina ya pono wakiyatafuna matumbawe, na mwanangu akaapa kwamba anayasikia meno yao. Wakati wa kuingia majini masharti ya Sista yalikuwa makali: maji ya kiunoni, robo saa tu, kisha kila mtoto akaushwe papo hapo na kufungwa kanga kavu, kwa sababu baridi ni miongoni mwa mambo yanayozifanya chembe nyekundu za damu kupinda mfano wa mundu na kuziba mishipa midogo. Jambo jingine ni kupungukiwa na maji mwilini. Mimi niliyekulia ufukweni sikuwahi kufikiri kwamba upepo wa kaskazi kwenye ngozi yenye maji unaweza kumlaza mtoto wodini.

Hapo ufukweni ndipo nilipomwona binti yangu. Ana miaka 13, na popote tunapokwenda yeye ndiye hubeba mkoba wa ndugu yake, wenye chupa mbili za maji, kipimajoto, dawa za maumivu, vidonge vya foliki asidi, kanga na kadi ya hospitali. Sista aliuchukua mkoba ule begani mwake akamwambia, "Leo wewe ni mgeni wangu, nenda ukacheze." Binti alisimama, mikono ikining'inia kana kwamba hajui aiweke wapi, akageuka mara mbili kumtazama mdogo wake, ndipo akakimbilia wasichana wenzake waliokuwa wakiokota makombe. Mama yake naye alikuwa akitazama. Hatukusema kitu.

Baada ya chakula, wali wa nazi na samaki wa kupaka, tulisafiri kilomita 16 hivi hadi Gede, penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Tulipita kwanza kwenye mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambao hununua pupa za vipepeo, yaani viwavi waliokwisha jifunga ganda kabla ya kugeuka vipepeo, kwa wakulima wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuziuza ng'ambo kwa maonyesho. Watoto wangelala humo kama wangeruhusiwa.

Katika magofu tulitembea taratibu, tukipumzika kila baada ya mwendo mfupi chini ya miti mikubwa iliyoota kati ya kuta za mawe ya matumbawe, huku kima wakituvizia mifuko. Mtembezaji alituonyesha kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, akatueleza jinsi mwanaakiolojia James Kirkman alivyoanza kuchimba hapo mwaka 1948. Mwanangu hakujali sana makaburi. Alitaka kujua watu wa mji huo walikunywa maji gani. Akapelekwa kwenye kisima karibu na msikiti mkuu, akaelezwa kwamba miongoni mwa sababu zinazotajwa za mji kuhamwa ni maji ya ardhini kuzidi kwenda chini. Alichungulia kwa muda mrefu, kisha akamfuata Sista, akafungua mkoba mwenyewe, akanywa maji. Nyumbani hunywa kwa kubembelezwa.

Tulirudi Malindi wakati wa magharibi, mwanangu amelala mapajani mwa mama yake, na mama kwa mazoea akimpapasa vidole kuona kama vimevimba. Havikuwa vimevimba. Tuliposhuka, binti yangu alikuwa amekwisha tangulia na wenzake, wakicheka, na Sista akanikabidhi mimi ule mkoba. Niliutundika begani tukaanza kutembea kuelekea kwenye tuktuk. Chupa zote mbili zilikuwa tupu.