Nilivyojifunza kuhesabu siku za rekodi katika kinasa video cha kamera za usalama

Mzigo mmoja ulipopotea katika ghala ninalolisimamia, tuligundua upungufu huo siku ya nane, wakati wa kuhesabu bidhaa, nami nikaenda kwenye kinasa video nikiwa na uhakika kwamba tukio zima nitalikuta humo. Rekodi ya zamani kuliko zote ilikuwa haijatimiza siku sita. Kinasa kilikuwa kimefanya kama kilivyopangiwa: diski ikijaa, rekodi za mwanzo hufutwa ili mpya ziandikwe mahali pake. Mpangilio huo niliukubali mwenyewe siku ya kufungwa kwa mitambo, bila kujua una maana gani, na jambo hilo liliniuma.

Nilipofungua ukurasa wa mipangilio niliona kwamba kila moja ya kamera zetu nne ilipewa kasi ya 4 Mbps, yaani kiasi cha data kinachoandikwa kila sekunde, na fremu (picha moja moja zinazounda video) 25 kwa sekunde, huku diski ikiwa ya terabaiti 1. Nikazidisha 4 kwa kamera nne, nikapata megabaiti 16 kila sekunde, na kwa hesabu hiyo diski ingejaa katika muda wa saa 17 hivi. Lakini mbele yangu palikuwa na rekodi za karibu siku sita. Pengo hilo ndilo lililonifundisha, kwa kuwa lilinilazimisha kutafuta nilipokosea: herufi b ndogo katika Mbps ni biti, wala si baiti, na baiti moja ni biti 8. Kumbe kila kamera ilikuwa ikiandika nusu megabaiti kwa sekunde, yaani gigabaiti 1.8 kwa saa na 43.2 kwa siku. Kamera nne zikafikisha 172.8 kwa siku, na gigabaiti 1000 zikigawanywa kwa idadi hiyo zinatoa siku 5.8. Hapo hesabu yangu na kinasa vikakubaliana.

Jambo jingine lililonitia shaka ni kwamba kinasa kilionyesha diski ina gigabaiti 931, nikadhani tumeuziwa pungufu. Sivyo. Mtengenezaji wa diski huhesabu gigabaiti kwa makundi ya 1000, ilhali kinasa kilihesabu kwa makundi ya 1024. Diski ni ileile.

Baada ya hapo nilitaka kuongeza siku bila kununua chochote, nikapunguza fremu kutoka 25 hadi 12 kwa kila kamera. Siku hazikuongezeka hata kidogo. Ilinichukua muda kuelewa sababu, na naona ndipo watu wengi hukwama: kasi ya biti ilikuwa imewekwa isibadilike, kwa hiyo kinasa kiliendelea kuandika megabiti 4 zilezile kila sekunde, ila kila fremu ilipata sehemu kubwa zaidi. Kinachojaza diski ni kasi ya biti. Idadi ya fremu na ukubwa wa picha huamua tu kasi hiyo itatosha kutoa picha safi kiasi gani. Ukichagua kasi inayobadilika, namba iliyoandikwa huwa kikomo cha juu, na usiku wa utulivu, ambapo karibu hakuna kinachosogea mbele ya kamera, hutumia nafasi ndogo zaidi.

Kinasa chetu kilikuwa na uwezo wa kubana video kwa H.265 badala ya H.264, na njia hiyo mpya inaweza kutoa ubora unaokaribiana kwa takribani nusu ya data. Hata hivyo, kubadilisha njia ya kubana peke yake hakukuokoa nafasi. Ilinibidi nishushe na kasi yenyewe hadi 2 Mbps, kisha nikatazama picha za mchana na za usiku kuhakikisha kwamba sura ya mtu mlangoni bado inatambulika. Matumizi yakashuka hadi gigabaiti 86.4 kwa siku. Ndipo nikaomba diski ya terabaiti 4, iliyotengenezwa mahususi kwa kuandikwa mfululizo, na ombi likakubaliwa kwa sababu niliweza kuonyesha kwa namba kwamba ingetupatia siku 46.

Kurekodi kwa kutambua mwendo nimekuacha kwa chumba cha ndani tu, tena nikiwa nimeweka sekunde chache za kabla ya tukio, ili mtu aonekane akiingia na si akiwa tayari katikati ya chumba. Mlangoni narekodi muda wote, kwa kuwa mtu aliye mbali au gizani anaweza kupita bila kinasa kumhesabu kuwa ni mwendo.

Kila mwanzo wa mwezi nafungua rekodi ya zamani kuliko zote, nalinganisha tarehe yake na hesabu yangu, kisha naicheza dakika chache na kukagua kama saa ya kinasa iko sahihi.