Risasi za kujaza mwenyewe kwenye bunduki ya leva

Nikiwaambia watu najaza risasi zangu mwenyewe (natia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kwenye ganda tupu) wanataka picha ya karatasi yenye matundu matatu yamegusana, basi. Lakini bunduki yangu ni Marlin 336, ya leva, yaani unasukuma wenzo wa chini kuingiza risasi, inakula risasi aina ya .30-30, na huku Pennsylvania msituni kulungu unampiga mita hamsini au sitini, miti kila upande, sasa matundu yakitawanyika inchi mbili kwa yadi 100 mi sina shida kabisa. (Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo haya mambo yote nimejifunzia huku ukubwani.)

Mi naanza na bomba. Bunduki hizi nyingi zinabeba risasi kwenye bomba chini ya mtutu, zimepanga foleni, ncha ya risasi ya nyuma inagusa fataki ya risasi iliyo mbele yake, ndo maana kichwa kinatakiwa kiwe bapa au mviringo, ukiweka chenye ncha kali bunduki ikirudi nyuma kwa kishindo kinaweza kupiga fataki ya mwenzake humo humo ndani na hapo umekwisha. Kampuni ya Hornady wana zile za ncha laini kama raba, hizo sawa. Bunduki nyingine za leva, Savage 99 na Browning BLR, hazina bomba kwa hiyo wenye nazo wanatuangalia tu.

Kabla ya baruti yoyote natengeneza chache za bandia, hazina fataki wala baruti, nazipitisha kwa leva, polepole halafu kwa fujo. Urefu mwisho ni inchi 2.550, ikizidi hapo inaweza kukwama kwenye kile kikijiko kinachoinyanyua kwenda chemba, pale inapolipukia, na kukwama mbele ya kulungu ni bora ungebaki nyumbani ukalala.

Halafu kuna jaribio ambalo mi nalipenda kuliko yote na sioni watu wakilipigia picha. Chukua risasi moja, ipime kwa vernia, andika urefu, itie alama ya kalamu, iingize kwenye bomba ya kwanza kabisa ili iwe ya mwisho kutoka, jaza nyingine nyuma yake, piga zote isipokuwa hiyo, itoe, pima tena. Springi imeisukuma muda wote huo na kila mlio umeitikisa, kama shingo ya ganda haijabanwa vizuri kwenye ule mfereji wa kichwa, kichwa kimerudi ndani, na kichwa kikirudi ndani nafasi ya baruti inapungua, presha inapanda. .30-30 ni ya 1895 na kikomo chake cha presha kwa SAAMI, wanaoweka viwango vya risasi Marekani, ni psi 42,000 (pauni kwa inchi mraba), si nyingi ukilinganisha na risasi za kisasa, na bolti, kile chuma kinachoziba chemba, kwenye bunduki hizi inafungwa kwa nyuma kwa hiyo ganda linavutika. Ukiona duara linalong'aa karibu na kitako cha ganda litupe, usilionee huruma.

Kiasi cha baruti nafuata kitabu, naanza chini, napanda kidogo kidogo na kronografu, kipima mwendo wa risasi, mbele. Watu wanasema utajua presha imezidi leva ikiwa nzito kufunguka, mi nasema hapo umechelewa zamani, leva haina nguvu ya kung'oa ganda kama bunduki ya bolti ya kuzungusha kwa hiyo ikianza kugoma punguza baruti sana.

Shabaha yenyewe naipiga mwisho, mtutu ukiwa baridi. Moja, nasubiri, nyingine. Bomba na zile pete zinazoushika mtutu zikipata moto matundu yanaanza kutembea, na kule msituni unapiga moja, ya pili ni bahati, kwa hiyo la kwanza la baridi ndilo naliamini, hayo mengine ni ya kujifurahisha.

Msimu huu nabeba za kichwa cha greni 170 (greni ni kipimo cha uzito). Za 150 ndizo zilizopiga vizuri zaidi kwenye karatasi, tena kwa tofauti kubwa, lakini maganda niliyotumia kwa hizo yana shingo nyembamba na kila nikizipima baada ya kukaa kwenye bomba zimefupika, basi hizo naziingiza moja moja kwa mkono napigia makopo.