Kila programu na chupa yake: Wine kwenye kompyuta za steshenari

Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta za mtumba zinazobeba kazi za steshenari hapa Tabora mjini zimebaki njia panda. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zile Core i3 za kizazi cha 3 na cha 4 hazimo. Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, inaziendesha vizuri tu. Tatizo ni programu za Windows ambazo mwenye duka hawezi kuziacha.

Dawa yake ni Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux. Lakini tuanze na kazi zisizoihitaji. LibreOffice, mbadala wa bure wa Microsoft Office, inafungua .docx na .xlsx, na Draw yake inafungua hata .pub ya Publisher na .cdr ya CorelDRAW, ingawa kadi ya harusi yenye madoido mengi itabidi uinyooshe kwa mkono. Barua ikifunguka huku mistari imerukia ukurasa wa pili, mchawi mara nyingi ni fonti. Calibri na Cambria haziji na Linux. Sakinisha fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea: herufi zake zina upana uleule, kwa hiyo mistari inarudi mahali pake. Wengi hukimbilia ttf-mscorefonts-installer halafu wanashangaa Calibri haijaja. Mle kuna Arial, Times New Roman na wenzake wa zamani tu.

Sasa Wine. Ilianza mwaka 1993 na toleo la 1.0 likatoka Juni 2008, miaka 15 baadaye. Haiigizi kompyuta nyingine. Inapokea maombi ambayo programu ingeyapeleka kwa Windows na kuyageuza yaeleweke na Linux, ndiyo maana inaenda hata kwenye mashine yenye RAM ya GB 4. Kwenye Mint 22, ambayo msingi wake ni Ubuntu 24.04, andika hizi kwenye terminali, yaani dirisha la amri:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install wine wine64 wine32:i386 winetricks libcups2:i386

Usiruke wine32. Programu nyingi za mauzo na uhasibu ni za biti 32, na bila hiyo utaambiwa kernel32.dll haipakiki. Na libcups2:i386 ndiyo inayoiwezesha programu ya biti 32 kuiona printa. Watu hupoteza siku nzima kwenye draiva ya printa kumbe kinachokosekana ni hicho kifurushi kimoja.

Kosa kubwa kuliko yote ni kumwaga kila kitu ndani ya ~/.wine, folda ya kawaida ya Wine. Programu ya kwanza inataka .NET 4.8 (kifurushi cha Microsoft ambacho programu nyingi hukitegemea), ya pili inavurugwa na hiyo hiyo .NET, na ukijaribu kurekebisha ya pili unaiua ya kwanza. Tengeneza chupa, yaani folda inayojitegemea, kwa kila programu:

mkdir -p ~/chupa
WINEPREFIX=~/chupa/mauzo WINEARCH=win32 winecfg

Amri ya mkdir ina maana yake: Wine huunda folda ya mwisho tu, ya juu yake isipokuwepo inagoma. WINEPREFIX inataja chupa ipi, na WINEARCH inachagua biti, lakini hii inafanya kazi mara ya kwanza tu. Chupa ikishazaliwa ya biti 64 haigeuki. Futa uanze upya. Dirisha la winecfg likifunguka, chagua Windows 7 kwa programu za zamani, kisha sakinisha:

WINEPREFIX=~/chupa/mauzo wine ~/Downloads/setup.exe

Ikigoma, iendeshe kutoka terminali na usome inachosema. Mistari inayoanza na fixme achana nayo, hata ikiwa mia. Tafuta ya err:module:import_dll, maana inataja faili linalokosekana kwa jina. MSVCP140.dll inatibiwa na winetricks vcrun2019, MFC42.DLL na winetricks mfc42, daima ukitanguliza WINEPREFIX ileile. Programu ikiganda na kubaki nusu hai, amri ya wineserver -k, nayo ikiwa na WINEPREFIX hiyo, inazima kila kitu ndani ya chupa.

Kwa wanaohesabu bando: winetricks, ile inayopakua vilivyokosekana, ikishapakua kitu hukiweka ~/.cache/winetricks. Nakili folda hiyo kwenye flashi, iweke mahali palepale kwenye kompyuta ya pili, na hutapakua .NET tena. Bottles, programu ya kusimamia chupa kwa kubofya, ina sura nzuri kuliko terminali, lakini kupitia Flatpak (njia mojawapo ya kusakinisha programu za Linux) itakula zaidi ya GB 1 kabla hujafungua chochote. Kwa duka lenye kompyuta tatu na bando la simu, mimi siishauri.

Mizani ya asali au kifaa chochote cha waya wa USB kinachojifanya COM1, yaani tundu la zamani la Windows la kuunganishia vifaa, kina hatua zake. Kwanza sudo usermod -aG dialout $USER, kisha toka na uingie upya. Halafu fungua regedit (kihariri cha mipangilio ya Windows) ndani ya chupa husika, nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\Software\Wine\Ports, weka thamani ya maandishi yenye jina COM1 na jibu /dev/ttyUSB0, umalizie na wineserver -k. Maelekezo mengi ya zamani yanasema utengeneze kiungo kwenye folda ya dosdevices ndani ya chupa. Wine za sasa hukiandika upya kila zinapoanza, basi ni kujichosha.

Kuhusu Office, toleo la 2010 la biti 32 linakubalika, la 365 usihangaike nalo. Photoshop CS6 inaenda. Virusi pia vinaenda, kwa kuwa chupa huona folda zako zote kupitia diski Z:, kwa hiyo flashi ya mteja bado ni ya kuogopwa.

Programu inayolindwa na kifunguo cha USB (kifaa kinachochomekwa ili programu ikubali kufunguka) huwa haikubali Wine. Hiyo ipeleke VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako: washa VT-x (uwezo wa prosesa unaosaidia uigizaji huo) kwenye BIOS, jiongeze kwenye kundi la vboxusers, halafu ipe Windows 7 RAM ya GB 2 au Windows 10 GB 4. Hapo kompyuta yenyewe iwe na GB 8, la sivyo vyote viwili vitatambaa. Kuanzia VirtualBox 7.0, USB 2 na 3 zinakubali bila nyongeza. Leseni ya Windows bado unaihitaji, na mashine hiyo usiipe intaneti kama kazi yake ni kutoa risiti tu.

Nakala ya akiba ni rahisi. Funga programu kwanza, kisha tar -czf mauzo.tar.gz -C ~/chupa mauzo. Fanya kila jioni kabla ya kufunga duka, maana umeme ukikatika katikati ya kuandika hifadhidata, Wine haina namna ya kuirudisha. Ukiihamishia kompyuta nyingine, tumia jina lilelile la mtumiaji, kwa sababu ndani ya chupa kuna viungo vinavyolitaja.