Kadi ya Ziwa Lililoganda

Mwaka 1998 ziwa letu, Ziwa Victoria upande wa Kenya, lilikuwa limefungwa. Gugu maji lilikuwa limetanda Ghuba ya Winam, na kuna asubuhi ungesimama ufuoni Dunga usione maji kabisa, ila majani na maua ya zambarau mpaka macho yachoke. Kazi ya wale wadudu walioachiliwa na KARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, mwaka 1997 ili walitafune tulikuwa bado hatujaiona. Baba mdogo, mvuvi wa mbuta kwa kamba ya ndoano nyingi, alishinda nyumbani kila mara boti iliposhindwa kupenya. Ndivyo alivyokuwepo mezani kwetu jioni ya Novemba tulipoketi kumtengenezea dada kadi.

Dada alikuwa akisoma chuo Minnesota, kule Marekani. Simu ilikuwa ghali, kwa hiyo tuliishi kwa barua. Zile alizoandika majira ya baridi yaliyopita tulikuwa tumezisoma hadi mikunjo ikaanza kukatika. Alisema jimbo hilo lina maziwa zaidi ya 10,000, na kwamba ifikapo Januari yameganda juu hata watu wanatembea na magari yanaingia ziwani. Wavuvi hutoboa barafu kwa keekee kubwa, hupindua ndoo wakaikalia, kisha huteremsha mshipi kwenye tundu. Mtu mzima anaweza kukaa hapo tangu asubuhi hadi jua litue, amejifunika gubigubi, macho tu ndiyo yako nje.

Kadi za Krismasi madukani mjini zilikuwa na theluji pia: nyumba ndogo, ndege mwekundu kwenye tawi, chembechembe za kumetameta zinazobaki vidoleni. Mama alizipekuapekua akazirudisha.

"Huyu mtoto ametuandikia anavyoishi," alisema. "Tukimtumia nyumba ya mtu tusiyemjua, atajuaje kwamba tunamsoma?"

Nilikuwa kidato cha pili. Maneno yale yaliniingia, na nayaamini hadi leo.

Basi kila kitu kwenye kadi kikatoka katika barua zake. Nilichukua karatasi nyeupe ya manila, nikaweka rula katikati, nikapitisha juu ya mstari kalamu iliyokwisha wino, nikiikandamiza bila kukata. Manila ukiikunja hivihivi hupasuka mgongoni. Ukiitengenezea mfereji kwanza, inalala sawasawa.

Theluji ilinipa kazi zaidi. Shuleni wengi walibandika pamba, na mimi pamba siipendi kwenye kadi: hunasa vumbi, hutoka manyoya, na haifanani na chochote ambacho dada alituandikia. Yeye alisema theluji huwa na buluu jioni, hasa penye vivuli. Kwa hiyo sikupaka nyeupe popote. Nyeupe ilikuwa karatasi yenyewe, nami nikapaka vivuli tu, kwa wino wa buluu wa chupa niliouzimua kwa maji hadi ukawa hafifu: kivuli cha ndoo, kivuli cha mtu, na mstari mrefu wa miti mbali upande wa pili wa ziwa. Kuiacha karatasi ibaki tupu kunahitaji moyo. Mkono unataka kujaza. Manila ilijikunyata kwa maji, mama akaifunika kitambaa na kuipiga pasi ya makaa.

Baba mdogo alikuwa kimya muda huo wote, akimwangalia mvuvi wangu wa ndoo. Kisha akauliza, "Na samaki je? Ziwa likifungwa juu, huko chini wanabaki na nini?"

Hakuwa akiuliza kwa kupitisha wakati. Yeye alikuwa ameona samaki wakikosa hewa chini ya gugu. Nilimweleza nilivyofundishwa: maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakifika nyuzi 4 za Selsiasi, nayo hushuka chini. Yanayoendelea kupoa hubaki juu, na barafu, kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji, huelea. Ziwa huganda kuanzia juu, na chini yake samaki wanaendelea kuogelea, polepole tu kwa sababu ya baridi.

"Kumbe ni kama gugu," alisema, "ila hili unaweza kukanyaga." Akavuta kiti chake karibu, na kuanzia hapo kadi ikawa yake pia.

Wazo la tundu lilikuwa lake. Alitaka lionekane. Nikakata kwa wembe duara dogo kwenye ukurasa wa mbele, mbele ya miguu ya yule mvuvi, na ndani, mahali palipoelekeana na tundu, nikapaka kijani kizito. Ukiifunga kadi unaona maji ndani ya barafu. Ukiifungua, ziwa lote la chini liko wazi mbele yako, na katikati yuko ngege wa karatasi, mapezi na magamba kamili. Samaki wa Minnesota hatukuwajua sura, na mama alisema ngege atampendeza zaidi.

Baba mdogo akaleta uzi wa nailoni kutoka kwenye zana zake. Tuliufunga mkononi mwa mvuvi, ukapita tundu, ukashuka hadi kwa samaki. Hapo akasimamisha kazi. Hakutaka kuona uzi ukigandishwa kwa gundi. Alikunja ndoano ndogo kutoka waya mwembamba, isiyo na tundu la kupitishia uzi, akaulaza uzi kwenye mgongo wa ndoano, akauzungusha mara kadhaa ukibana, mzunguko ukikaa kando ya mwenzake, kisha akavuta ncha kwa meno. Fundo lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mtama. Kwa vidole vile vilivyokatwakatwa na kamba, sijui aliwezaje.

Ndani kila mtu akaandika. Mama aliandika Krismasi njema, na chini yake: vaa soksi mbili. Siku iliyofuata nikaipeleka Posta.

Jibu lilifika mwezi Februari. Dada alisema kadi iko juu ya meza yake, na kwamba mzee anayeishi jirani naye, mvuvi wa barafu tangu utotoni, aliishika kwa muda mrefu. Alicheka alipomwona ngege, akatikisa kichwa alipoona ndoo. Kisha akavaa miwani na kuuangalia uzi. Wao hufunga kwenye tundu la ndoano, alisema, kwa nini huyu amefunga mgongoni, na amelifungaje hata halitelezi?

Nilimsomea baba mdogo sehemu hiyo mara mbili. Akaomba karatasi na penseli. Tulikaa hadi taa ya mafuta ikapungua, yeye akifunga fundo polepole kwa kamba nene ya katani kwenye mwiko wa mama, akisimama kila hatua, nami nikichora: uzi unapoingia, unapopinda, kidole gumba kinapokaa. Kila nilipomaliza mchoro mmoja aliukagua, na mara nyingi alisema, "Hapana, hapa mkono wa kushoto hauonekani. Mzee atakwama."