Tabo mpya kabla ya kukagua oili ni hasara

Wenye Fuso na Land Cruiser za tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) hapa Tabora, moshi wa bluu wa oili inayoungua ukianza msikimbilie dukani kununua tabo mpya. Shafti ya tabo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya utando mwembamba wa oili. Ukizima injini ghafla ikiwa imetoka kuvuta mzigo, oili iliyobaki mle inaungua na kuganda, njia ya oili inaziba, bushi zinazoshika shafti zinalika. Iache iungurume taratibu dakika 2 au 3 kwanza.

Tabo si dhaifu. Audi R10 TDI, gari la kwanza la dizeli kushinda Le Mans, mbio za magari za saa 24 (2006), lilibeba tabo 2 kwenye injini ya V12 ya lita 5.5, saa 24 mfululizo. Ila kule hakuna hosi ya ea klina (kichujio cha hewa) iliyofungwa kwa waya! Vumbi letu likipenya hapo linakula mapanga ya tabo.

Kukagua tabo, fungua hosi hiyo, shika ncha ya shafti. Kucheza kidogo kwa pembeni ni kawaida. Ikienda mbele na nyuma, imekwisha. Ukifunga nyingine, safisha bomba la oili, badilisha filta, mimina oili kwenye tundu la tabo kabla ya kuwasha. Silikoni (gundi ya kuziba uvujaji) usipake kwenye bomba hilo la oili: inamegeka na kuziba njia.