Jinsi nilivyompatia binti yangu mishale inayomfaa

Kwa wiki saba nzima binti yangu aliambiwa kwamba anakosea, kumbe mwenye makosa ni mshale. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Ana miaka tisa. Tunaishi Minneapolis, Marekani, na majira ya baridi yaliyopita alianza kujifunza upinde wa mbao, ule wa kienyeji usio na magurudumu wala kifaa cha kulengea. Upinde wenyewe tulipata mzuri na mwepesi, umeandikwa ratili 18, yaani nguvu ya kuuvuta. Tulipotea kwenye mishale. Muuzaji alimtazama mtoto, akatuletea mishale sita ya kaboni, inchi 30, yenye mabawa ya plastiki. Akasema, “Huyu atakua, chukua ya kudumu.” Palikuwa na mingine imeandikwa 1000, nikaiogopa nikidhani namba kubwa ndiyo ugumu mkubwa. Nikachagua ya 400. Nililipa dola sabini na kitu.

Kila mshale ulikwenda kushoto. Mkufunzi mmoja akasema ni kiwiko. Mwingine akasema ni vidole, anachelewa kuuachia uzi. Mzazi mwenzangu akanishauri nimwambie alenge kulia kidogo, na huo ndio ushauri mbaya kuliko yote niliyowahi kupewa, maana unamzoesha mtoto kosa ili kuficha kosa jingine. Binti akarekebisha kiwiko, akarekebisha vidole, mishale ikaendelea kwenda kushoto. Usiku mmoja garini akaniuliza, “Baba, kwani mkono wangu una kasoro?”

Nikampigia simu mjomba wangu aliye kwetu Mwingi, Kenya. Yeye alikua na upinde mkononi; sisi Wakamba mambo haya ni ya wazee wetu, waliowinda hata tembo kwa mishale ya sumu. Nilimweleza habari ya kiwiko na vidole, akanikatiza. “Mwanangu, ukiukamata huo mshale ukaupinda, unakubali?” Nikaujaribu hapo hapo, simu ikiwa begani. Haukukubali. “Basi na upinde wa mtoto hauuwezi,” akasema, akaanza kuniuliza habari za mvua za huku.

Maneno yake niliyaelewa baadaye. Mshale hukaa ubavuni mwa upinde, lakini uzi unausukuma kuelekea katikati. Ili upite vizuri, lazima ujipinde kidogo, uuzunguke upinde, kisha ujinyooshe ukiwa hewani. Ukiwa mgumu kupita kiasi haujipindi, na upinde unaurusha pembeni. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, pembeni huko ni kushoto. Na zile namba nilizisoma kinyume: kwenye kaboni, namba ikiwa kubwa mshale ni laini zaidi. Ile ya 400 ni ya mtu mzima mwenye upinde wa ratili arobaini na zaidi. Kwenye mishale ya mti mambo yamegeuka, pale namba ni ratili za upinde, na kubwa ndiyo ngumu. Hakuna aliyeniambia.

Nilithibitisha hivi. Nilibandua mabawa ya mshale mmoja, binti akaupiga kutoka hatua kumi pamoja na wenye mabawa. Ule mtupu ulikwenda kushoto kuliko yote, karibu ukose ubao. Akapiga tena, vilevile. Nikamwambia mkono wake hauna kasoro.

Sasa urefu wa mvuto, yaani mtoto anauvuta uzi nyuma kiasi gani, na hapa nina ujanja ninaojivunia. Mtoto ukimsimamia na tepu ya kupimia, anajinyoosha. Wangu alijinyoosha hadi inchi 23 na nusu kwa kunifurahisha. Nikachukua mshale mrefu, nikaupachika kwenye uzi, nikaubana na kibanio cha nguo, kile chepesi cha plastiki, mbele ya upinde. Anapovuta, mshale unarudi nyuma na kibanio kinakuja nao mpaka kigonge upinde. Hapo kinazuiwa, kinateleza juu ya mshale kuelekea kwenye ncha. Akirudisha uzi polepole bila kuachia, kibanio kinabaki palepale kilipofikishwa, na ukipima kutoka kwenye kipengo, ule mkato wa nyuma unaoshika uzi, hadi kwenye kibanio umepata mvuto wake wa kweli. Nilimwacha avute mara kumi na mbili huku tunazungumza habari za shule, mpaka akasahau kwamba anapimwa. Kibanio kilisimama kwenye inchi 21 na nusu.

Tofauti ya inchi mbili si ndogo. Zile ratili 18 zilizoandikwa kwenye upinde ni kwa mvuto wa inchi 28. Kwa mvuto wake yeye, mzani wa mizigo ya safari ulinionyesha ratili 12 hivi. Mishale ichaguliwe kwa ratili hizo anazovuta mtoto.

Kuna aliyenishauri niikate sawasawa na mvuto ili ipendeze. Usithubutu. Mshale mfupi mtoto akivuta zaidi siku moja, ncha inarudi nyuma ya upinde, na akiachia unaweza kumchoma mkono wa kushoto. Kwa anayeanza bakiza inchi mbili au tatu kwa uchache. Mimi niliacha zaidi, inchi 27, kwa sababu mshale mrefu hujipinda kwa urahisi zaidi, na ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Nilinunua sita ya mti wa mwerezi wa Oregon, ile laini kabisa waliyokuwa nayo, ya ratili 25 hadi 30. Kwa ratili 12 bado ni migumu kidogo, kwa hiyo urefu ukasaidia, na ncha nikaweka nzito, gramu 8, maana uzito mbele nao huufanya mshale ujipinde. Mabawa ni manyoya ya bata mzinga. Plastiki ikigusa upinde inaurusha mshale. Unyoya unalala, unapita. Unyoya wa rangi tofauti utazame nje, mbali na upinde. Kipengo nacho kikamate uzi kwa wepesi: uning'inize mshale kwenye uzi, gonga uzi kwa kidole, uanguke. Usipoanguka, sugua kipengo kwa msasa.

Kila kabla ya kupiga tunaipinda mmoja mmoja kwa mikono na kusikiliza. Ukilia kwa ufa, tunauvunja vipande viwili papo hapo ili asije mtu akauokota. Tumeshavunja miwili, na ya akiba ni dola chache tu kila mmoja.

Jumamosi ya kwanza na mishale mipya, minne kati ya sita iliingia kwenye rangi ya manjano na nyekundu, miwili ikagusana. Mkufunzi wa kiwiko akasema mazoezi yamezaa matunda. Nikamweleza habari ya mishale, akaichukua mmoja, akaupinda, akanyamaza.

Mwezi jana kibanio kilisimama kwenye inchi 22 na robo. Mishale yake bado inamtosha. Ile ya kaboni imo kabatini, mitano yenye mabawa na mmoja mtupu, na nimeibandika karatasi yenye maneno ya binti mwenyewe: ya watu wazima.