Joto la Dodoma linatoa jasho, we hulioni tu

Kila anayehamia Dodoma kutoka Dar lazima siku moja akwambie eti "joto la huku zuri bwana, halitoi jasho." Nimeisikia kwa watumishi waliohamishiwa Mtumba kwenye mji wa serikali, kwa wanafunzi wa UDOM, na tangu treni ya SGR ianze kufika huku mwaka 2024 naisikia hadi kwa watu waliokuja kulala usiku mmoja wakaondoka. Jasho linatoka jamani, tena jingi tu, ila hewa ya huku kavu mno, linakauka kabla halijalowesha shati. Dar hewa imejaa unyevu, jasho halina pa kwenda linakutambaa mgongoni, unajiona umelowa unatafuta maji mwenyewe. Huku unatembea kutoka Majengo mpaka Nyerere Square jua la saa nane, unafika shati kavu, unajisifu kabisa kwamba mwili wako umezoea, kumbe maji yameshaondoka na wala hukuagana nayo.

Tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mvua zetu ni za kubahatisha kati ya Desemba na Aprili basi, baada ya hapo mpaka Novemba ni jua, upepo na vumbi. Waingereza walikuja Kongwa, wilaya ya hapahapa Dodoma, mwaka 1947 na matrekta yao kulima karanga, wakaondoka wameshindwa, na ukame ulikuwa sababu mojawapo kubwa. Sasa kama umewashinda watu wa matrekta, we na kikombe chako kimoja cha chai ya asubuhi unategemea nini? Na msimu ninaouogopa mimi wala sio Oktoba ya joto kali, ni Juni na Julai. Asubuhi kuna baridi watu tunatoka na masweta, upepo unapiga, hewa bado ni ileile kavu, na kwenye baridi nani anakumbuka maji. Unakuta mtu amekunywa chai saa mbili, kitu kingine cha majimaji ni mchuzi wa saa saba.

Ndo maana ikifika saa tisa, saa kumi alasiri ofisi nyingi za hapa mjini watu wana vichwa vinagonga, wamenuna, mmoja anaomba panado, mwingine anasema macho yanachoka kwa sababu ya kompyuta. Kesho yake anaenda kupima, na sisi Watanzania tunajua majibu kabla ya vipimo: UTI, typhoid, au vyote viwili kwa pamoja ili upate thamani ya hela yako. Sisemi watu wasipime, pima, malaria haina utani. Nasema kabla ya kumeza antibiotiki kwa kichwa kinachouma kila siku muda uleule, jiulize tangu asubuhi umekunywa nini.

Kwenye magrupu ya WhatsApp wanasambaza ile ya glasi nane kwa siku, sijui ya kwanza kabla hujapiga mswaki, ya mwisho kabla ya kulala. Hiyo nane haina msingi wa maana kisayansi. Anayechimba msingi wa nyumba Nzuguni juani na anayekaa chini ya AC hawawezi kunywa sawa. Kipimo kizuri unacho mwenyewe kila ukiingia chooni: mkojo ukiwa na rangi hafifu uko sawa, ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi, kunywa. Na sio lazima yawe maji matupu. Uji unahesabika, chai inahesabika pamoja na kelele zote kwamba inakausha, maziwa, tikiti, zabibu zetu za hapahapa, na mlenda. Mlenda watu wa pwani wanaucheka, lakini ugali wa mtama na mlenda ni chakula kilichobuniwa na watu walioijua nchi kavu, kinateleza kinashuka na maji yake. Soda siihesabu, maana sukari yake inakupeleka kwenye balaa lingine. Ila kama una shida ya moyo au figo na daktari alikupimia kiasi cha kunywa, fuata cha daktari.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniudhi hasa. Haya yote watu wanayajua! Hakuna mtu mzima Dodoma ambaye hajawahi kuambiwa anywe maji, mabango yapo, redio zinasema, manesi wanasema. Watu hawanywi kwa sababu wanaogopa choo.

Nina mama mdogo anauza mboga sokoni, yuko pale kuanzia kumi na mbili asubuhi mpaka jioni. Siku moja nimempelekea chupa kubwa ya maji, kwa moyo safi kabisa, akaipokea akaiweka chini ya meza. Jioni napita naikuta vilevile.

"Shikamoo mama mdogo, maji mbona hujagusa?"

"Marahaba mwanangu. Nikinywa hayo nani atanikalia mezani nikienda huko? Na ukienda ni mia tatu, foleni, na penyewe ukiingia unatamani ungebaki na mkojo wako."

Sikuwa na jibu. Ukipiga hesabu, anayeenda mara tatu ameshatoa mia tisa, hilo ni fungu la mchicha na chenji juu. Na ni wanawake zaidi, kwa sababu mwanaume wa bodaboda atasogea nyuma ya ukuta ulioandikwa "usikojoe hapa" maisha yanaendelea. Mwanamke anabana. Mama lishe wanabana, kondakta wa kike anabana, wadada wa maduka ambayo fremu zake hazina choo wanabana, walimu wa shule ambazo choo cha walimu ni kimoja wanabana. Wanaosafiri na basi ndo kabisa, mtu anaacha kunywa tangu jana usiku kwa sababu hajui dereva atachimba dawa wapi. Halafu ubane mkojo na hunywi maji, hapo ndo unajitengenezea hiyo UTI ya kweli, na mawe ya figo pia, maana mkojo mzito kwenye nchi ya joto ndo unaoganda vijiwe. Aliyewahi kupata jiwe la figo atakwambia yale sio maumivu ya kusimulia.

Kwa hiyo mi siku hizi mtu akinambia anataka kuanza kuishi kiafya namuuliza kwanza, mahali unapofanyia kazi choo kikoje? Anacheka, anadhani namtania. Lakini hapo ndo penyewe. Kama choo kipo na kina maji na kinafungwa kwa ndani, utakunywa bila hata kukumbushwa. Kama hakipo, chupa ya maji ya elfu ishirini yenye mistari ya masaa haitakusaidia kitu. Mama mdogo na jirani yake wa nyanya walikubaliana kushikiana meza, mmoja akienda mwingine anauza na hela inaingia kwenye mkebe wa mwenyewe. Nilidhani wataibiana, hawajaibiana. Ile mia tatu bado ipo na hiyo ni ya wenye soko kuifikiria, maana mfanyabiashara anayelipa ushuru wa meza kila siku sioni kwa nini alipie na kukojoa.

Ngozi nitaipitia haraka. Kupauka huku kuko palepale, hata upake nini. Kinachosaidia ni kuoga maji ya vuguvugu sio yale ya moto ya kuchuna kuku, kisha kupaka mafuta mwili ukiwa bado una unyevunyevu, sio ukishakauka na kuvaa ndo unakumbuka. Vaselini ya kawaida inatosha, hizo losheni za bei mbaya nyingi ni harufu. Midomo usiilambe, ukilamba inapasuka zaidi. Na maji ya visima vingi yana chumvi, sabuni haitoi povu, basi mtu anaongeza sabuni na bado anajiona mchafu, kumbe anazidi kuikausha ngozi.

Pua ndo inatisha wazazi, hasa wageni. Mtoto kaamka mto una damu, baba anapiga simu Mwanza kwa bibi, bibi anasema karogwa. Mara nyingi ni ukavu tu, ngozi ya ndani ya pua imepasuka, na mtoto kaichokonoa juu yake. Mkalishe, ainamishe kichwa mbele, sio nyuma kama tulivyofundishwa zamani, ukimwinamisha nyuma anameza damu anatapika. Bana sehemu laini ya pua kwa dakika 10 bila kuachia achia kuchungulia. Zikipita hizo dakika haijakata, au inarudi rudi kila mara, nenda hospitali. Usiku mpake vaselini kidogo mlangoni mwa pua.

Halafu macho, na hapa naomba tukae kidogo maana mimi kwetu ni Kongwa. Vumbi la Agosti likiingia jichoni watu wanafikicha, wengine wanakimbilia duka la dawa kununua matone yoyote wanayopewa. Baadhi ya yale matone yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, jicho linatulia siku mbili unaona umepona, ukiyazoea yanapandisha presha ya ndani ya jicho na unaweza kupoteza uono taratibu. Nawa na maji safi, acha kufikicha, lisipotulia kaonwe na mtu wa macho.

Lakini kwetu kuna kitu kikubwa kuliko vumbi, vikope, wataalamu wanauita trakoma. Ni bakteria, anasambaa kwa mikono, kwa khanga moja inayofuta nyuso za watoto wote, na kwa nzi wanaotua kwenye tongotongo la huyu wakahamia kwa yule. Mtoto anaugua anapona anaugua tena, miaka na miaka, kope kwa ndani inaweka makovu, akifika utu uzima kope zinageukia ndani na kila akipepesa zinakwaruza kioo cha jicho mpaka kinakuwa cheupe. Wanaoumia zaidi ni wanawake, kwa sababu wao ndo wako na watoto muda wote. Kongwa imefanyiwa tafiti nyingi za ugonjwa huu, mmoja uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha watoto ambao nyuso zao zilikaa safi mara kwa mara hawakupata vikope vikali sana kama wenzao. Uso kuwa safi tu!

Ila rudi kwenye maji tena. Mama aliyetembea na ndoo kichwani kutoka mbali, akipanga matumizi, uso wa mtoto unakuja mwishoni, baada ya kupika, kunywa na mbuzi wadogo. Ukimwambia nawisha mtoto kila siku anaona unamwambia amwage maji. Wakati kikombe kimoja kikimiminwa kidogo kidogo kwenye kiganja kinanawisha zaidi ya mtoto mmoja. Hicho ndo kitu ambacho ningependa waelimishaji wakionyeshe kwa vitendo pale kisimani, badala ya bango lenye mtoto anayecheka chini ya bomba ambalo kijiji hakina.

Bibi zetu walitembea na kibanio kidogo cha chuma kimefungwa kwenye pindo la khanga, jioni anakaa mlangoni anamwita mjukuu mwenye macho mazuri amng'olee kope zinazomchoma. Mi nimeng'oa sana, tulikuwa tunaona ni kama kumsuka nywele. Zikiota tena zinakuja fupi na ngumu, zinachoma zaidi. Kama una bibi au shangazi kijijini anayeng'olewa kope, usimnunulie kibanio kipya. Kuna upasuaji mdogo wa kuzigeuza zirudi nje, anafanyiwa kwa ganzi na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Muulize mganga wa zahanati iliyo karibu naye wapi wanafanya au timu ya macho inapita lini, na umpe bibi nauli na mtu wa kumsindikiza maana akitoka atakuwa na bandeji jichoni.